Picha ya Kwanza Isiguswe: Namna ya Kuchagua Programu ya Kuhariri

Kamera ya kawaida ya siku hizi hutoa picha yenye pikseli 6000 kwa 4000, yaani pikseli milioni 24. Mtu akiichukua picha hiyo, akaikata na kuipunguza hadi 1200 kwa 800 ili iende Instagram, kisha akabonyeza kitufe cha kuhifadhi bila kubadili jina la faili, anabaki na pikseli 960,000. Hiyo ni asilimia 4 ya alichokuwa nacho dakika moja iliyopita. Zile asilimia 96 haziko kwenye pipa la taka la kompyuta, na mara nyingi hata fundi hodari wa kurudisha data hawezi kuzipata, kwa sababu faili mpya imeandikwa mahali pa ile ya zamani. Tuseme ilikuwa picha ya harusi: mwaka mmoja baadaye mama wa bibi harusi anataka picha ileile ichapishwe kubwa, iwekwe kwenye fremu sebuleni. Kwa uchapaji mzuri wa nukta 300 kwa inchi, picha ya asili ingefika upana wa inchi 20. Iliyobaki inafika inchi 4.

Hasara ya namna hii inazuilika kabisa, tena bila kununua chochote. Lakini wapiga picha wengi huchagua programu kwa kutazama vichujio vyake, jinsi inavyolainisha ngozi, wepesi wake wa kubadilisha mandhari ya nyuma, au kwa sababu rafiki anaitumia. Hayo yote yana nafasi yake. Swali linalopaswa kutangulia ni hili: ninapobonyeza kuhifadhi, programu hii inaifanya nini faili yangu?

Tuanze na JPEG, kwa sababu ndiyo aina ya faili ambayo simu na kamera nyingi hutoa. JPEG, iliyosanifiwa mwaka 1992, inapata udogo wake kwa kutupa. Picha inagawanywa katika vigae vya pikseli 8 kwa 8, kila kigae kinapigiwa hesabu, na taarifa ambazo jicho la mtu halizitambui kwa urahisi zinaachwa. Ukiifungua picha, ukaibadilisha na kuihifadhi tena kama JPEG, hesabu inarudiwa juu ya kitu ambacho tayari kimepunguzwa. Mara ya kwanza huoni tofauti. Ukirudia rudia, anga la bluu linaanza kupata mistari, ukingo wa maandishi kwenye bango unapata ukungu, na nywele zilizosukwa zinageuka bonge moja jeusi. Kuna watu wanaogopa hata kuifungua JPEG wakidhani inachakaa kwa kutazamwa. Hofu hiyo haina msingi. Kuifungua, kuitazama na kuinakili toka folda moja kwenda nyingine hakuondoi kitu. Kinachoondoa ni kuhifadhi upya baada ya kubadilisha.

Hasara ya pili ni ya mwanga, nayo inawagusa sana wanaopiga picha za harusi na sherehe kwetu. JPEG hubeba ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi ya msingi. Faili ghafi la kamera, lile linaloitwa RAW, ambalo kwa Canon linaishia na CR2 au CR3, kwa Nikon NEF na kwa Sony ARW, huweza kubeba biti 14, ambazo ni ngazi 16,384. Sasa fikiria bwana harusi mweusi mwenye suti nyeusi amesimama kando ya gauni jeupe, saa saba mchana, jua la Dodoma likiwa utosini. Ukitaka uso wake uonekane vizuri bila gauni kugeuka karatasi tupu, unahitaji kuinua vivuli na kushusha weupe kwa pamoja. RAW inakupa nafasi hiyo. JPEG inakupa kidogo. JPEG iliyokwisha kuhaririwa na kuhifadhiwa mara mbili tatu inakupa uso wenye madoa ya kijivu.

Na ladha za watu hubadilika. Kwa miaka mingi studio nyingi zimezoea kung'arisha ngozi za wateja kupita kiasi, kufuta makovu, kufuta mikunjo, hata kumfanya shangazi wa miaka 60 aonekane kama mpwa wake. Wapo wateja wanaorudi baada ya miaka kuomba picha ya marehemu mzazi wao kama alivyokuwa, na rangi yake, na alama yake shavuni. Ombi hilo ni la haki kabisa. Studio iliyohifadhi kazi iliyong'arishwa juu ya ile ya asili haina cha kumpa mtoto huyo, na hakuna ufundi utakaorudisha sura iliyofutwa.

Enzi ya filamu haikuwa na tatizo hili, kwa sababu negativu ilijilinda yenyewe. Fundi aliingia chumba cha giza, akamulika mwanga kupitia negativu, akauongezea uso mmoja mwanga na kuuzuia usifike kwenye mwingine kwa mkono, akatoa picha ya karatasi. Kama haikumpendeza, alitoa nyingine. Negativu ilibaki vilevile. Ndiyo sababu studio kama Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe Rohit, iliweza kuchapisha upya picha za Zanzibar ya miongo iliyopita kwa watu ambao hawakuwa wamezaliwa zilipopigwa. Tulipohamia kidijitali tulipata wepesi mwingi, lakini mwanzoni tulipoteza utengano huo kati ya chanzo na kazi. Faili moja ikawa vyote viwili.

Programu ninazozitetea hapa zimerudisha utengano huo. Unapovuta kitelezi cha mwanga kwenda kulia, programu ya aina hii haibadilishi pikseli yoyote ndani ya faili yako. Inaandika maelekezo: ongeza mwanga kwa kiasi hiki, punguza njano kiasi hiki, kata kuanzia hapa hadi hapa. Kisha inasoma picha ya asili, inapitisha maelekezo hayo, na kukuonyesha matokeo kwenye skrini. Fundi cherehani huchora kwa chaki kabla ya kushika mkasi. Hapa unabaki kwenye chaki muda wote, na kitambaa kinakatwa pale tu unapotoa nakala ya kumpa mteja, tena kinachokatwa ni nakala. Maelekezo yenyewe ni madogo mno, kilobaiti chache tu kando ya faili ghafi la megabaiti 25 au 30, kwa hiyo unaweza kuwa na matoleo matano ya picha moja, la rangi, la nyeusi na nyeupe, la mraba kwa mitandao, bila diski kujaa.

Wauzaji wengi wa programu siku hizi wanadai kwamba kazi yao haiharibu picha ya asili. Dai hilo peke yake halitoshi. Kinachotenganisha programu na programu ni mahali yanapowekwa maelekezo hayo, na hapo ndipo ningependa msomaji atumie muda mwingi kabla ya kuamua.

Njia ya kwanza ni katalogi. Adobe Lightroom, iliyotoka rasmi mwaka 2007, ndiyo mfano mkubwa. Toleo lake la awali la kompyuta, ambalo sasa linaitwa Lightroom Classic, huweka maelekezo ya picha zako zote ndani ya faili moja la hifadhidata. Faida yake ni kasi ya kutafuta: unaweza kuuliza picha zote za mwezi wa nane ulizozipa nyota tano, zikaja papo hapo hata kama ziko maelfu. Udhaifu wake ni kwamba kazi yako yote imekaa kikapu kimoja. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, au diski ikianza kufa, faili hilo likaharibika, picha za asili zitakuwa salama lakini kazi ya miaka ya kuzihariri itakuwa imeondoka. Lightroom yenyewe hukuomba, kila wiki unapoifunga, iweke nakala ya katalogi. Wengi hubonyeza kuahirisha. Usiahirishe, na nakala hiyo isikae kwenye diski ileile iliyo na katalogi.

Katalogi ina tabia nyingine inayowachanganya wanaoanza. Inakumbuka picha kwa anwani yake. Ukitoka nje ya programu, ukabadili majina ya folda au kuzihamisha kwa mkono, ukirudi utakuta alama za kuuliza kwenye folda zako. Hazijapotea, programu haijui zimehamia wapi na unaweza kuionyesha. Ila ni kazi ya kuchosha, na inaepukika ukihamisha mafaili ukiwa ndani ya programu yenyewe.

Njia ya pili ni faili la pembeni. darktable, programu huru iliyoanzishwa mwaka 2009 na inayopatikana bure kwa Linux, Mac na tangu mwisho wa 2017 kwa Windows, huandika faili dogo lenye jina la picha pamoja na kiishio cha xmp, na kuliweka folda moja na picha. RawTherapee, nayo ya bure, hufanya hivyohivyo kwa faili la pp3. Mafaili haya yanafunguka kwa programu ya kawaida ya maandishi: ni maneno na namba. Mimi naipenda njia hii kuliko zote, kwa sababu ukinakili folda ya harusi kwenda diski ya nje, kazi yako ya kuhariri inasafiri nayo bila wewe kukumbuka chochote. darktable nayo ina hifadhidata yake, lakini hifadhidata ikifa, unaingiza folda upya na maelekezo yanasomwa kutoka kwenye mafaili ya pembeni. Lightroom pia inaweza kuandika mafaili ya xmp ukiiruhusu kwenye mipangilio, na ningemshauri kila anayeitumia airuhusu.

Tahadhari moja hapa. Mtu asiyejua, akiona folda imejaa vijifaili vya xmp asivyovifahamu, huvifuta ili kusafisha. Waambie vijana wako wa studio mapema.

Njia ya tatu ni nakala iliyofichwa. Picasa ya Google, ambayo wengi wetu tuliitumia kwenye kompyuta za mwanzo, ilikuwa hivi: ulipobonyeza kuhifadhi, iliiweka picha ya asili kwenye folda ya siri ndani ya folda yako, na picha iliyohaririwa ikachukua jina lile. Ilifanya kazi mradi hukuhamisha picha peke yake. Ulipoibeba picha moja kwenye flashi ukaiacha folda ya siri nyuma, ulibeba nakala na kuacha asili. Google iliacha kuitunza Picasa mwaka 2016, na nina hakika zipo kompyuta nyingi Afrika Mashariki ambazo bado zina picha za asili za familia ndani ya folda hizo ambazo hazionekani. Kama una kompyuta ya zamani ya enzi hizo, kabla ya kuiuza au kuifuta, washa mpangilio wa kuonyesha mafaili yaliyofichwa na utafute folda inayoitwa .picasaoriginals. Huenda picha za marehemu babu zimo.

Halafu kuna programu za matabaka, Photoshop na GIMP, ambazo si za kundi hili moja kwa moja lakini zinaweza kutumiwa kwa usalama. Photoshop ilipata matabaka ya marekebisho mwaka 1996: mabadiliko ya mwanga na rangi yanakaa kwenye tabaka lake, juu ya picha, na unaweza kulizima. Ukihifadhi kwa muundo wake wa PSD, picha iliyo chini iko salama. GIMP ilikuwa nyuma kwa muda mrefu katika hili, lakini toleo la 3.0 lililotoka Machi 2025 limeleta vichujio unavyoweza kuvirekebisha au kuviondoa baadaye. Na tangu mwaka 2012 GIMP imetenganisha kuhifadhi na kutoa nakala: ukifungua JPEG ukabonyeza kuhifadhi, itakupa muundo wake wa XCF, haitaandika juu ya JPEG yako. Watu walilalamika sana wakati ule. Ulikuwa uamuzi sahihi. Kumbuka tu kwamba kwenye menyu ipo amri nyingine ya kuandika juu ya faili la asili, na hiyo ukiibonyeza inatii.

Programu hufa, na programu hubadili masharti. Hili ni jambo ambalo katika kuchagua halipewi uzito unaostahili. Apple ilitoa Aperture mwaka 2005, ikapendwa na wapiga picha wa kulipwa, kisha mwaka 2014 ikatangaza kwamba haitaiendeleza. Mac zilizopandishwa kwenda mfumo wa Catalina wa mwaka 2019 hazikuiendesha tena. Picha za asili za watu hao zilikuwa salama, kwa sababu Aperture haikuzigusa. Lakini waliohamia Lightroom waligundua kwamba marekebisho yao ya rangi na mwanga hayakuwafuata, kwa kuwa kila programu ina hesabu zake za kupika picha, na nyingine haiwezi kuzisoma. Kwa hiyo, kwa kila programu unayoifikiria, uliza pia: siku nikiondoka, nitaondoka na nini?

Kwa Lightroom ya sasa, ambayo hulipiwa kila mwezi, jibu lina nafuu kidogo. Ukiacha kulipa, Lightroom Classic bado itafungua katalogi yako na kukuruhusu kutoa nakala; kinachofungwa hasa ni chumba cha kuhariri. Bado, ni mzigo wa kila mwezi, kwa kadi ya benki, na mara nyingi kwa dola. Studio yenye wateja wa uhakika inaweza kuubeba. Kijana anayeanza na kamera ya mtumba asijitwike. Na tafadhali asikimbilie matoleo ya wizi yanayouzwa kwenye flashi mitaani. Unaiweka programu iliyopasuliwa na mtu usiyemjua kwenye kompyuta iliyobeba kumbukumbu za familia za watu, kisha unaipa ruhusa ya kufanya lolote. Wakati darktable na RawTherapee ziko bure na halali, sioni sababu ya kuingia hatari hiyo.

Sasa namna ya kuipima programu kabla ya kuiamini. Usianze na picha za mteja. Nakili picha kumi, RAW na JPEG, kwenye folda ya majaribio. Tazama tarehe ya mwisho ya kubadilishwa na ukubwa wa kila faili kwa baiti, hadi tarakimu ya mwisho, uandike. Fungua programu, hariri picha zote: kata, geuza rangi, zungusha, zipe nyota na majina. Funga programu. Rudi kwenye folda utazame tena. Kama ukubwa au tarehe ya faili la asili imebadilika, programu imeligusa.

Kuna kipimo kikali zaidi, nacho ni alama ya kidole ya faili, hesabu inayosoma faili zima na kutoa mfuatano mmoja wa herufi na namba. Ikibadilika hata biti moja, mfuatano wote unabadilika. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, uandike certutil -hashfile picha.jpg SHA256. Kwenye Mac ni shasum -a 256 picha.jpg, na kwenye Linux ni sha256sum picha.jpg. Chukua mfuatano kabla, chukua baada, linganisha. Ikifanana, hakuna kilichoguswa.

Ukifanya kipimo hiki kwa makini unaweza kushtuka ukaona JPEG imebadilika hata kwenye programu yenye sifa nzuri. Usiihukumu haraka. Programu kadhaa, Lightroom ikiwemo unapoiruhusu kuandika xmp, huandika maelezo ndani ya JPEG yenyewe: nyota, maneno ya kutafutia, jina la mpiga picha, hata maelekezo ya uhariri. Pikseli hazijaguswa, lakini faili si lile lile tena. Kwa mpiga picha wa harusi hilo halina madhara. Kwa mtu anayetunza picha kama ushahidi, tofauti hiyo ni kubwa, na anahitaji programu kama darktable ambayo haiandiki ndani ya faili la asili, au azime mpangilio huo kabisa.

Kuzungusha picha nako kuna mtego wake. Programu nzuri huzungusha kwa kubadili alama moja ya mwelekeo au kwa kuandika kwenye maelekezo yake. Baadhi ya vitazamio vya picha huzungusha kwa kuifungua JPEG na kuihifadhi upya. Ndiyo maana nimesema uijumuishe kwenye majaribio.

Waandishi wa habari wana sababu nzito zaidi ya kuyafuata haya. World Press Photo huwataka wanaofika hatua za mwisho walete mafaili ya asili yalinganishwe na yaliyoshindanishwa. Mwaka 2015 karibu asilimia 20 ya picha zilizoifikia hatua ya kabla ya mwisho ziliondolewa kwa sababu ya kubadilishwa kupita kiasi. Mtu ambaye programu yake imelila faili la asili hana hata cha kujitetea nacho. Mahakamani pia: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, iangalie jinsi data ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na ukamilifu wake ulivyolindwa. Picha ya ajali, ya mpaka wa shamba, ya nyumba iliyobomolewa, ina nguvu zaidi kama unaweza kuonyesha faili lililotoka kwenye kamera, pamoja na tarehe yake, halijaguswa.

Najua wasomaji wengi hawana kamera wala kompyuta; wana simu. Kwenye iPhone, programu ya picha iliyomo hutunza asili, na ukirudi kwenye uhariri unaweza kuirejesha hata baada ya miezi. Kwenye Android hali inategemea simu na programu, kwa hiyo kanuni yangu ni fupi: pakiwa na chaguo la kuhifadhi nakala, chagua hilo kila mara. Snapseed, ambayo bado naiona ndiyo programu bora ya bure kwa simu, kwenye Android huweka matokeo yake kama picha mpya kwenye folda yake, na ya kwanza inabaki kwenye galari.

Lakini hatari kubwa ya mwenye simu haiko kwenye kuhariri. Iko WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida inapunguzwa na maelezo yake ya tarehe na mahali yanaondolewa. Chaguo la ubora wa juu, lililokuja mwaka 2023, linapunguza picha kwa kiasi kidogo kuliko njia ya kawaida, lakini nalo bado linabana. Familia ikishirikishana picha za msiba au harusi kwenye kundi, kisha kila mtu akafuta za kwake kwa sababu simu imejaa, kilichobaki duniani ni vivuli. Tuma kama dokumenti. Hapo faili linafika kama lilivyo. Google Photos nayo ina mpangilio wa kuokoa nafasi, unaobana picha na kuzishusha zilizozidi megapikseli 16. Kama akaunti yako ina nafasi, chagua ubora wa asili, hasa kwa picha usizoweza kuzipiga tena.

Kama ungeniuliza ana kwa ana uchukue ipi, ningekujibu kwa kutazama mfuko na kompyuta yako. Mwenye laptopu yenye RAM ya GB 8 au zaidi, anayepiga RAW na ana subira ya kujifunza, achukue darktable. Wiki za mwanzo atachoka, kwa sababu ina vitufe vingi na inadhani unajua unachokitaka, lakini baada ya hapo hatatamani kurudi alikotoka. Anayetaka kitu cha kueleweka mapema zaidi, hasa kwa kazi ya picha moja moja, ajaribu RawTherapee. Studio inayotoa picha 800 kila Jumamosi, yenye watu watatu wanaohariri, inaweza kulipia Lightroom Classic bila kujuta, kwa kuwa muda inaouokoa ni fedha; mradi iwashe uandishi wa xmp. Kompyuta ya GB 4 itahangaika na zote hizi, na kwa mwenye nayo ni afadhali ahariri kwa simu, atunze asili kwenye diski, kuliko kurudi kwenye programu ndogo zinazoandika juu ya faili.

Yoyote utakayoichagua, elewa mpaka wake. Programu isiyogusa asili haikulindi dhidi ya mwizi wa laptopu, kikombe cha chai kilichomwagikia kibodi, au kijana aliyefomati kadi kabla ya kuhamisha picha. Hamisha picha kwanza kwenda sehemu mbili, diski mbili tofauti, moja ikae nyumba nyingine kama inawezekana. Ndipo ufomati kadi. Wakati wa kuhamisha, sukuma ile swichi ndogo ya kufunga pembeni mwa kadi ya SD ili chochote kisiandikwe juu yake. Na folda ya asili ikishatulia kwenye diski ya akiba, iwekee ruhusa ya kusomwa tu.

Kisha, kwa zile picha chache ambazo familia au studio haitakubali kuzipoteza, usitegemee maelekezo peke yake, kwa kuwa yanasomeka tu na programu iliyoyaandika. Toa nakala iliyokamilika ya kila moja, kwa TIFF kama diski inaruhusu, au kwa JPEG ya ubora wa juu kabisa, na uziweke folda moja na faili la asili na faili la xmp. Mwisho wa mwaka chukua folda moja kati ya hizo, ipeleke kwenye kompyuta ya mtu mwingine yenye programu ileile, uifungue. Kama uhariri wako unaonekana pale kama unavyoonekana kwako, mpangilio wako unafanya kazi. Kama hauonekani, maelekezo yako yamebaki kwenye mashine yako peke yake, na una nafasi ya kuyatoa kabla haijaharibika.